Dereva Aliyejifunza Njia za Kwao

Nyumbani, 9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hata hujafungua bahasha. Natumaini wewe, mume wako na mjukuu wangu mko wazima. Mimi mwili hauna neno, chakula kinapita, usingizi napata. Macho ndiyo hayo unayoyajua. La kushoto limeshafunga duka. La kulia linaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: cha mbele nakipata, cha pembeni mpaka nigeuze shingo. Daktari alisema presha ya macho hairudishi ilichokwisha kula. Dawa inalinda kilichobaki, na kilichobaki nacho kitaondoka polepole. Ulikuwepo ukimsikia.

Barua yako nimeipata kwa utingo wa basi. Kuhusu simu usinilaumu. Huku mtandao unashika kule juu shuleni tu, na siwezi kupanda mlima kila ninapotaka kukwambia nimekunywa chai.

Unasema chumba kiko tayari, nije nikae kwako, karibu na hospitali. Ahsante, mama. Sehemu hiyo nimeirudia mara kadhaa. Lakini nisikilize kidogo.

Maisha yangu yote nimeendesha malori. Hata leo ukiniamsha usingizini ukanitajia kona yoyote kwenye barabara za watu, nitakwambia uingie na gia gani. Ila njia ya kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye chemchemi sikuwa naijua vizuri. Nilikuwa nakuja kwetu kama mgeni: nakula, nalala, naondoka. Sasa nimestaafu na nimebakiwa na jicho moja, nalo linaaga. Nimeamua kulitumia kujifunza kwetu. Kila asubuhi nachagua njia moja. Nikienda nimefumbua, nikirudi nimefumba, fimbo mkononi. Jana ilikuwa zamu ya njia ya mashine ya kusaga. Nimegundua kwamba kabla ya kona ya mikaratusi ardhi inakuwa laini chini ya kiatu, na ukifika kwa mwenye mbuzi upepo unabadilika upande. Vitu vya namna hiyo sikuwahi kuvijua nikiwa na macho mazima.

Majirani wananicheka. Fundi baiskeli kaniuliza, "Dereva, leo lori umeliegesha wapi?" Nikamwambia lipo gereji, leo natembea na tairi za kuzaliwa.

Usinikasirikie. Msalimie mume wako, fundi umeme wetu, na mjukuu umbusu.

Ni mimi, baba yako.


Mjini, 27 Februari

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na anajidai nalo kama ameshinda vita. Kazini ni moto kwa maana zote mbili. Wameniweka msimamizi wa zamu ya tanuri, kwa hiyo mikate yote ya asubuhi ya nusu ya mji huu inapita mbele ya pua yangu. Nikirudi nyumbani mume wangu ananiambia ninanukia siagi, sijui kama ni sifa.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na bado sijaielewa. Baba, una jicho moja na unalifumba kwa makusudi njiani? Mtu akinisimulia hivyo kuhusu mzee mwingine ningesema watoto wake wako wapi.

Chumba nimekipaka rangi nyeupe ili kisiwe na giza. Mume wangu ameweka taa mbili, moja juu ya kitanda. Choo kiko mlango wa pili. Hospitali ni mwendo wa kutembea. Dirisha linaangalia ukuta wa jirani, hilo siwezi kukudanganya, lakini hewa inaingia.

Unasema ulikuwa unakuja kama mgeni. Mimi ndiye niliyekuwa nakungoja dirishani, Baba. Mlio wa lori lako niliujua kuliko sauti yako. Sasa umestaafu, nikadhani ni zamu yangu kuwa na wewe. Mama hayupo tena. Sisi tuko huku. Huko umebaki na nini? Naomba uniambie kweli, kuna nini huko ambacho huwezi kukiacha?

Mwanao.


Nyumbani, 20 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi, na pole kwa joto la tanuri. Afya yangu ni ileile. Mvua zimeanza na maharage yameshika vizuri. Samahani kwa mwandiko, mistari inanitoroka.

Umeuliza huku kuna nini. Nimekaa na swali lako siku kadhaa, nikaanza kukasirika, kisha nikaona una haki. Kama mimi mwenyewe sikujua, wewe uliyeondoka msichana utajuaje?

Basi ngoja nikwambie. Asubuhi ukungu unajaa bondeni mpaka unaona vilele tu, na huko chini unasikia watu wanaongea na ndoo zinagongana lakini humwoni mtu. Halafu jua linatoboa, na nyumba zinaanza kutokea moja moja, bati likimeta, moshi unapanda. Nimeendesha gari sehemu ambazo watu wanasafiri kutoka mbali kwenda kuzipiga picha. Hakuna hata moja iliyonifanya nizime injini. Hapa nimesimama na kikombe mpaka chai imepoa.

Maji ya chemchemi yetu ni baridi mpaka meno yanalalamika. Viazi tunachimba sufuria ikiwa imeshatokota, vinatoka shambani vinaingia majini kabla havijajua kimevipata nini. Mvua ikipiga bati usiku, unajigeuza upande wa pili na kuvuta blanketi, na hudaiwi na mtu yeyote kuamka.

Halafu watu. Huko mtu anakuuliza "habari" huku ameshakupita. Hapa mtu akikuuliza umeamkaje, anatua jembe chini na kusubiri jibu. Nisipofungua mlango hadi jua lipande, kuna mtu atagonga, na atakuja na kisingizio, mara anaomba kiberiti, mara anatafuta kuku. Kila mtu anajua kikohozi cha mwenzake. Pale mashineni kuna benchi mbili, na mwenye mashine ana hadithi ya nyoka aliyemwona ujana wake. Nyoka huyo kila mwaka anarefuka. Nikilikosa benchi hilo siku moja, naona kama sijala.

Na kitu kingine. Udongo wetu mwekundu haubanduki kwenye kiatu. Zamani nilikuwa naufuta kabla sijaingia mjini, madereva wenzangu wasinione mshamba. Siku hizi nauacha. Kama ni ushamba, basi nimechelewa kuuanza na nafanya haraka kufidia.

Ndiyo hivyo, mama. Siwezi kuyafunga hayo kwenye bahasha nikakutumia.

Baba yako anayekupenda.


Mjini, 2 Mei

Baba, shikamoo.

Najua hujambo, au naambiwa hujambo, kwa sababu siku hizi habari zako nazipata kwa watu wa basi.

Dereva wa basi alikuja dukani kwetu kununua mikate. Alidhani najua. Akaniambia, "Pole na mzee, lakini mbona ameshapona, alikuwa benchini juzi." Nikamuuliza amepona nini. Maskini, alitamani ardhi immeze. Ndipo nikasikia kwamba uliteleza kwenye gogo la kuvukia kijito, ukaanguka majini, ukabebwa hadi nyumbani na shati limeraruka na bega limevimba. Aprili yote hukuniandikia neno. Nami nilikuwa nadhani mvua imefunga barabara.

Sikuweza kufanya kazi siku ile. Niliunguza trei za mikate, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Baba, nimevumilia ukungu na viazi na nyoka wa mwenye mashine. Sasa basi. Nimeomba likizo ya Juni. Nakuja kukuchukua. Nitakuja na begi kubwa kwa ajili ya nguo zako. Tafadhali usinifanye nibishane na wewe mbele ya majirani, maana nitabishana.

Mwanao, ambaye bado anakupenda ila amekasirika.


Nyumbani, 15 Mei

Mwanangu,

Salamu. Usishtuke ukiona mwandiko umenyooka. Anayeandika si mimi. Ni jirani yetu wa ng'ambo ya shamba, Mama Pacha, unamkumbuka, aliyekuwa karani wa kupokea maziwa kwenye chama. Mapacha wake wote wameolewa, na marehemu mume wake alikuwa rafiki yangu. Mimi nasema, yeye anaandika. Bega bado linakataa kalamu.

(Na jicho pia. Hilo hakutaka niliandike. Mama Pacha.)

Nilianguka, ni kweli. Gogo lilikuwa limelowa na mimi nilikuwa najifanya kijana. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utakuja kunichukua. Umenishika.

Lakini sikiliza kilichofuata. Siku ya pili watu walikutana pale mashineni. Mimi sikuwepo, nilikuwa kitandani na bega langu. Walinizungumzia bila mimi, jambo ambalo kwa kawaida ningelikataa. Sitakwambia walichoamua. Njoo uone.

(Alilia kidogo walipokuja kumwambia. Hilo nalo hakutaka. Mama Pacha.)

Mwanamke huyu anaandika nisiyoyasema. Sasa aandike hili vizuri. Mwanangu, njoo na begi lako. Kaa siku utakazokaa, tazama unavyotaka, uliza unayemtaka. Ukishaona yote, ukiniambia twende, nitapanda basi bila neno. Nimeahidi, na umeahidiwa kwa mwandiko wa karani wa chama.

(Hapa alinyanyuka akapapasa fimbo yake. Nilidhani amemaliza.)

Msalimie mume wako. Mjukuu mwambie babu anataka kushika lile pengo la jino.

Baba yako.


Mjini, 3 Julai

Baba, shikamoo. Mama Pacha, shikamoo, kwa kuwa najua wewe ndiye unayesoma.

Tulifika salama, mimi na mizigo yangu. Mume wangu alipofungua lile begi akakuta maharage na viazi hadi kwenye mifuko ya pembeni, akauliza, "Na mzee je?" Nikamwambia mzee yuko kwao.

Baba, kuna mambo sikukwambia nilipokuwa huko. Acha niyaandike.

Niliposhuka, mama mmoja wa vitunguu aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni akasema, "Wewe ni wa Dereva. Unatembea kama yeye." Fundi baiskeli akachukua begi langu bila kuniuliza. Njiani kote watu walinisimamisha, na kila mmoja alikuwa na la kunieleza kukuhusu, kama vile wewe ni mali yao na mimi ndiye niliyekuja kukopa. Mmoja akaliona begi, akaona ni tupu, akaelewa. Macho yake yalinikaa.

Asubuhi ya pili ulipotoka, nilikufuata kwa nyuma. Sikukuaga. Nilitaka kuona ukweli, si maonyesho.

Nikamsikia fundi baiskeli. "Dereva, ni mimi fundi, nipo kulia kwako, kuna baiskeli imelala njiani, ngoja niiondoe." Mbele kidogo mama mmoja, "Ni mimi mama wa kona, nimebeba kuni, pita wewe kwanza." Watoto wa shule wakajipanga ukingoni, kila mmoja akitaja jina lake kama wanaitwa darasani. Hata yule mlevi wenu, asubuhi yote ile, akasema, "Ni mimi, Dereva, nipo pande zote." Ulicheka mpaka ukashika mti. Hicho ndicho walichokubaliana wale watu pale mashineni: kwamba kuanzia siku hiyo asiyeonekana na Dereva atajitaja mwenyewe, na hakuna atakayeacha kitu njiani.

Wewe nawe ulikuwa unawajibu. Homa ya mtoto imeshuka? Ndama amenyonya? Barua ya shule imekuja? Nilisimama nyuma ya ua wa mtu nikawaza, katika mtaa wangu nimeishi miaka na miaka, na jirani ambaye ukuta wake unatazamana na dirisha la chumba chako cheupe simjui hata sauti.

Kijitoni nikaona lile gogo limechongwa upande wa juu likawa bapa, na pembeni wameweka mti wa kushikilia, umebanduliwa maganda na kusuguliwa hadi ukawa laini kama mpini wa zamani. Nilipouliza baadaye nani ameutengeneza, kila niliyemuuliza alinitajia mwenzake. Ulivuka bila kusita. Mimi ndiye niliyeogopa. Ulipofika ng'ambo ukasema bila kugeuka, "Na wewe unayenifuata na viatu vya mjini, utachelewa chai."

Halafu ile jioni ya mwisho. Niliingia chumbani kwako nikakuta nguo zako zimekunjwa, zimepangwa juu ya kitanda, na wewe umekaa karibu nazo na kofia kichwani. Hukunibembeleza. Uliahidi, ukawa umejiandaa. Sijawahi kukuona umekaa hivyo, Baba, kama abiria. Maisha yangu yote nimekuona upande wa usukani.

Nilizirudisha kabatini moja moja. Ulisikia mlango wa kabati ukifungwa, ukajifuta uso, ukasema jiko linatoa moshi. Jiko lilikuwa limezimwa.

Sharti langu ni lile tulilokubaliana. Dawa ya matone kila siku, na kliniki huku mjini kila wanapokuita, ukilala kwenye chumba chako. Chumba hicho hakipewi mtu mwingine.

Leo kazini wenzangu waliniuliza likizo nilienda wapi. Miaka yote nilikuwa najibu "nilisafiri kidogo". Leo nimewaambia nilikuwa kwetu, na nikaanza kuwaeleza. Mpaka wakaniambia mikate itaungua.

Viatu vyangu sijavifuta.

Mwanao.


Nyumbani, 21 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote. Anayeandika ni yuleyule. Barua yako alinisomea, akafika pale pa kabati akasema mafua yamemshika. Ikabidi tuimalizie siku iliyofuata.

Afya yangu ni njema. Matone naweka. Jicho sasa linapokea mwanga na vivuli. Najua mchana na najua mtu amepita, zaidi ya hapo ni kazi ya masikio na miguu. Nilikuwa naiogopa siku hii. Imefika, na nilikuwa nimekaa benchini, na mwenye mashine alikuwa kwenye hadithi yake, na nyoka alikuwa hajaisha. Nikasikiliza hadi mwisho. Niliporudi nyumbani sikukosea kona hata moja. Njia zote ninazo, mama. Nilizichukua mapema.

Nikupe kichekesho. Wamenichagua mwenyekiti wa kamati ya njia. Mtu akauliza kipofu atakaguaje njia, fundi baiskeli akamjibu kwamba wenye macho wamezikagua miaka yote na mashimo yapo. Wiki hii tumefukia mashimo ya mteremko wa shuleni. Napita na fimbo, nikisema hapa bado, wanarudia. Sijawahi kuwa na cheo kikubwa hivi.

Sasa nina neno jingine. Mama Pacha, andika.

Anasema haandiki. Nimemwambia karani haandiki anachotaka, anaandika anachoambiwa.

Mwanangu, nataka kumwoa huyu anayeandika. Mama yako sijamsahau, na huyu naye marehemu wake hajamsahau. Tunawazungumzia wote wawili jioni, hakuna anayefichwa. Sikutafuta mtu wa kunishika mkono, umeona mwenyewe natembea. Nataka mtu wa kukaa naye nikishafika. Yeye sijamuuliza bado. Anaisikia leo pamoja na wewe, ila yeye ametangulia kidogo.

Baba yako.

(Mwanangu, hapa ni mimi. Niliposikia hayo niliweka kalamu chini nikatoka nje kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Niliporudi alikuwa amekaa palepale, mikono magotini. Nimeandika kama alivyosema. Jibu langu sijampa. Sitaki kuingia nyumba ya mama yako bila wewe kunifungulia mlango. Ukisema hapana, sitakuwa na kinyongo, na barua zake nitaendelea kuziandika, maana mwandiko wake mwenyewe unatisha. Mama Pacha.)


Mjini, 30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nimeanza kwa neno hilo makusudi. Kama unasoma kwa sauti, Baba ameshasikia jibu langu, na unaweza kupumua.

Sisi hatujambo. Barua yenu niliisoma mezani. Mume wangu akaniuliza mbona ninacheka na machozi yananitoka. Nikampa asome, naye akasema afadhali mzee ameamua kabla karani hajachoka.

Siku zile nilizokaa huko niliona mengi, Mama, na mtoto haulizi, lakini mtoto ana macho. Niliona kikombe chake unakigeuza mkono wake ukutane na mpini, bila kumwambia. Niliona akinyamaza wewe hufanyi haraka kumjazia maneno. Tangu hapo nalala vizuri.

Rafu ya mama yangu kabatini ni ile ya juu, upande wa kulia. Imekaa tupu muda wa kutosha. Panga nguo zako hapo.

Mkishakubaliana siku, nitumieni salamu kwa dereva wa basi. Tutakuja wote, na mjukuu wenu. Keki nitaioka mwenyewe, kubwa ya kuwatosha watu wote wa njia ile, kuanzia fundi baiskeli hadi yule wa pande zote. Nataka waione kazi yangu, kama mimi nilivyoiona yao.

Sasa mimi nimemaliza, limebaki lako. Weka barua hii chini umjibu mzee, kabla hajaanza kukagua njia nyingine.

Mwanao, dada yao mapacha.